Tupeane uzoefu: taa ya arifa kwenye simu, nani ulimpa rangi gani?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa na Nexus 5, ile yenye kitaa chini ya kioo. Nikaweka programu ya Light Flow nikagawa rangi: kijani WhatsApp, bluu meseji za kawaida, nyekundu mama akipiga nisipokee. Kazi yangu ni maktaba, simu iko kimya kutwa. Nikiona nyekundu natoka nje nampigia. Raha yake ni kwamba sikuhitaji hata kuigusa simu. Nyinyi mlipangaje?

Mchangiaji wa 1: Mimi nilisasisha simu kwenda Android 8.0, rangi zangu zote zikavurugika. Nilihangaika wiki nzima. Kumbe tangu toleo hilo la 2017 kila programu hupanga arifa zake kwa makundi, na rangi ya taa huwekwa kundi linapoundwa. Likishaundwa, programu haiwezi kuibadilisha. Kilichonisaidia ni kuchagua rangi ndani ya WhatsApp yenyewe, upande wa arifa: watu binafsi rangi yao, magrupu yao.

Mchangiaji wa 2: Simu yangu ya sasa haina kitaa kabisa. Natumia programu ya aodNotify, inachora duara la rangi kuzunguka tundu la kamera. Kioo ni OLED, sehemu nyeusi haziwaki, linawaka duara tu. Hata hivyo chaji inaliwa, kwa hiyo nimeiruhusu kwa watu watatu tu, na duara limulike kwa vipindi, lisibaki linawaka.

Mchangiaji wa 3: Mimi ni kiziwi, kwangu jambo hili ni zito. Kwenye iPhone, katika mipangilio ya watu wenye ulemavu, kuna sehemu ya kuruhusu flashi ya kamera imulike simu au ujumbe ukiingia. Usiku naiweka simu kifudifudi kando ya kitanda, mwanga unapiga dari na chumba chote kinamulika. Mtoto wangu yuko bweni. Alipougua saa nane usiku, matroni alituma meseji nikaamka papo hapo. Wenye Android 14 na kuendelea nanyi mnayo, tafuteni arifa za flashi.

Mleta mada: Asante sana, mkuu. Baba yangu masikio yamepungua nguvu, na kila siku tunamlaumu kwamba hapokei simu. Yake ni Android 14. Nimeshaziwasha hizo arifa za flashi, na leo atalala simu ikiwa kifudifudi.