Tupeane uzoefu: Ni lini kumkaribisha mgeni kulikuwa ibada kwako?

Mwanzilishi wa mada
Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Naleta mada hii kwa sababu naona ukarimu kwa wageni umewekwa pembeni katika mafundisho yetu mengi, ukaachiwa wenye nyumba kubwa au wahudumu wanaosimama mlangoni kabla ya ibada kuanza. Maandiko hayakuuweka hapo. Ibrahimu aliwakimbilia watu watatu pale Mamre wakati wa hari ya mchana, akawaandalia chakula, akasimama karibu nao chini ya mti walipokuwa wakila, na ni katika ugeni huohuo Sara alisikia kwamba atapata mwana. Paulo naye, anapomwandikia Timotheo sifa za askofu, anataja ukaribishaji wa wageni sambamba na uwezo wa kufundisha (1 Timotheo 3:2), wala hausemi kama pambo la hiari. Naomba kila mmoja aeleze lililomtokea yeye mwenyewe.

Mgeni wa Jana
Nilipohamia mji nisioufahamu, nilihudhuria ibada katika usharika mmoja kwa muda mrefu. Mahubiri yalikuwa na kina, na kila Jumapili nilipewa mkono wa amani. Lakini baada ya baraka watu walirudi katika makundi yao, nami nikaondoka peke yangu. Siku moja mama mmoja mjane aliniuliza nitakula na nani mchana ule. Nyumbani kwake hakuniketisha sebuleni kama mtu wa kuonewa huruma, bali alinipa kisu na mboga, akaniambia nikate huku tukizungumza. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kuhudumiwa na kupokewa, kwa maana mtu anayepewa kazi jikoni amekwisha kuhesabiwa kuwa wa nyumba ile. Niliomba kuingia darasa la ubatizo nikiwa mezani kwake, baada ya yeye kunieleza kwa nini husali kabla ya kula.

Mzee wa Kanisa
Namshukuru aliyetangulia. Mimi nahudumu mezani pa Bwana, penye ushirika wa mkate na divai, na kwa miaka mingi nimesoma 1 Wakorintho 11 kama onyo juu ya dhambi za siri za mtu binafsi. Ukiisoma sura hiyo kwa utulivu, utaona kosa linalotajwa waziwazi: wengine walitangulia kula, wengine walibaki na njaa, na Paulo akawaambia kwamba wanachokula si chakula cha Bwana.

Jambo hili lilitugusa kwa karibu alipokuja ibadani mtu aliyetoka kutumikia kifungo. Hakuna aliyemfukuza, ila kila alipoketi, watu wa benchi lile walisogea. Baraza la wazee lilikubaliana kwamba haitoshi kukemea tabia hiyo kutoka mimbarani, hivyo kila Jumapili familia ya mzee mmoja iliketi naye ibadani, ikapokea ushirika pamoja naye, kisha ikaenda kula naye nyumbani. Sitawaficha, wapo ambao hadi leo hawajamzoea. Lakini Warumi 15:7 inatutaka tukaribishane kama Kristo alivyotukaribisha sisi, na sijaona kifungu kinachosema tungoje mpaka wote wawe tayari.

Mama wa Nyumbani
Naomba niseme jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Petro aliandika, "Mkaribishane ninyi kwa ninyi, pasipo kunung'unika" (1 Petro 4:9), na naamini aliongeza maneno hayo ya mwisho kwa sababu alijua wageni huchosha. Katika nyumba nyingi anayesifiwa kwa ukarimu ni baba, ilhali anayeamka mapema na kulala wa mwisho ni mama au binti. Martha, aliyemhudumia Yesu huku dada yake Mariamu ameketi kumsikiliza, analaumiwa sana, lakini alikuwa na haki ya kuuliza mbona ameachwa peke yake. Kwetu tulikubaliana kwamba anayealika ndiye anayeosha vyombo, na mume wangu amelishika hilo kwa uaminifu. Tangu hapo naweza kuketi na mgeni, nikamsikiliza, nikaomba pamoja naye, na manung'uniko yangu yamepungua kweli.

Msomaji wa Historia
Nitachangia kwa ufupi kuhusu mipaka, maana tumewahi kukaa na mgeni asiyetaka kuondoka wala kufanya kazi. Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale, unaagiza kwamba mpita njia asaidiwe, lakini asikae zaidi ya siku 2 au 3. Akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi na kula. Halafu Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6, inataka wageni wote wapokelewe kama Kristo mwenyewe. Nyumbani kwetu tunajaribu kuyashika yote mawili.

Mwanzilishi wa mada
Asanteni sana. Nami niongeze langu. Tulikuwa tukimpelekea ushirika mama mmoja mzee asiyeweza kutoka kitandani, tukidhani sisi ndio wenyeji wa tendo lile. Yeye alisisitiza tuketi kwanza, akauliza habari za kila mmoja wetu, akatuombea kwa majina, ndipo akakubali kupokea. Hata kule Emau wanafunzi wawili ndio waliomsihi Yesu akae nao, lakini walipoketi kula, yeye aliyealikwa ndiye aliyetwaa mkate, akabariki, akaumega na kuwapa. Ningependa sasa tusikie kutoka kwa ndugu wanaoishi katika chumba kimoja, na wale ambao ni wagonjwa au hawana kipato: mnawakaribishaje watu, na kanisa lenu limewahi kuketi kwenu kama mgeni?