Kamati ya mtaa imepiga marufuku vyakula vya nyumbani siku ya Halloween, na sababu waliyotoa si ya kweli

Ndugu wanajamvi,

Nimepokea tangazo la kamati ya wakazi wa mtaa wetu hapa Des Moines, Iowa, na nimeshindwa kunyamaza. Linaeleza kwamba mwaka huu, katika Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto huvaa maleba na kuomba peremende milangoni, watoto hawatapita nyumba kwa nyumba. Badala yake wazazi wataegesha magari katika uwanja mmoja, watafungua mabuti yaliyopambwa, na watoto watazunguka kutoka buti moja hadi jingine wakipokea peremende. Chini kabisa, kwa herufi nzito, limeongezwa sharti kwamba peremende zilizofungwa kiwandani ndizo pekee zitakazoruhusiwa, na kwamba chochote kilichopikwa nyumbani kitatupwa kwa ajili ya usalama wa watoto. Kama wangesema kwamba wamechoka au kwamba baridi imezidi, ningewaelewa. Walichotumia ni hofu ya wageni kuwatilia watoto sumu kwenye vyakula, ambayo imezungushwa nchi hii kwa zaidi ya miaka hamsini bila ushahidi.

Kwa wasioufahamu mji huu, niseme kwanza kwamba Halloween yake ilikuwa na taratibu zake. Baada ya fujo na uharibifu wa mwaka 1938, mji ulitenga tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla ya Halloween yenyewe, kuwa usiku wa watoto kupita milangoni, na wenyeji wakauita Usiku wa Ombaomba. Mtoto hapewi kitu bure: husimama mlangoni akatoa kichekesho au kitendawili, mwenye nyumba akahangaika kutafuta jibu, ndipo mkono uingie kwenye bakuli. Mimi nililetwa hapa nikiwa mdogo katika miaka ya 1970, baba alipokuja kusoma, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini kwa vitendawili sikuwa na mpinzani, kwa kuwa mama alikuwa amenijaza vya kwao Tanga. Nilipowatolea wazee wa mtaa kile cha nyumba isiyo na mlango, walikaa wakifikiri huku mlango uko wazi na baridi inawaingilia ndani. Yupo aliyekataa kabisa kuambiwa kwamba ni yai, akanitaka nirudi kesho yake akiwa na jibu lake mwenyewe.

Na vile vyakula! Jirani wa upande wa kushoto alikuwa akitengeneza mipira ya bisi iliyoshikanishwa kwa shira, akaifunga kwa karatasi ya nta na kuipanga kwenye kapu la kufulia nguo. Mwingine alichovya matufaha katika karameli ya moto, na ile karameli iliganda kwenye meno kiasi kwamba hukuweza kusema ahsante ipasavyo. Katika nyumba ya kona kulikuwa na donati na juisi ya tufaha iliyochemshwa na mdalasini, na ulilazimika kuingia ndani na kuinywa ukiwa umesimama, maleba yako yamefunikwa na koti kubwa la baridi, kwa sababu Oktoba ya Iowa haijali kama umevaa kama simba au kama mzimu. Matufaha yenyewe yalitoka mashamba ya karibu. Lile tufaha jekundu linalouzwa duniani kote kwa jina la Red Delicious lilianzia kwenye shamba la Jesse Hiatt katika wilaya ya Madison, jirani kabisa na hapa.

Mama naye hakubaki nyuma. Alipika kashata za karanga, na alipobahatika kupata nazi kavu ya paketi akapika na za nazi. Iliki ilikuwa ngumu kupatikana, hivyo aliipima kama dawa. Mwaka wa kwanza watoto walizitazama kwa wasiwasi. Mwaka uliofuata walianza kuja mapema ili zisiwaishie.

Kisha ukaja mwaka 1982. Mwishoni mwa Septemba watu 7 walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu, vilivyotiwa sumu ya sayanidi, na ingawa dawa hizo hazikuwa na uhusiano wowote na Halloween, ilipofika Oktoba magazeti na televisheni hazikuwa na habari nyingine. Zilikuwapo hospitali zilizojitolea kupiga eksirei mifuko ya peremende za watoto. Usiku ule nilikuwa nimeshapita umri wa kuomba, kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na sinia, na nilimwona mzazi mmoja akimfuata mwanawe barazani, akaitoa kashata mkononi mwake, akairudisha kwenye sinia na kututakia usiku mwema kwa tabasamu. Mama alikuwa nyuma yangu. Oktoba iliyofuata alinunua mfuko wa chokoleti dukani, na kashata za Halloween zikaishia hapo.

Sasa tuitazame hiyo hoja ya usalama. Joel Best, mtaalamu wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia taarifa za magazeti kuanzia mwaka 1958, wala hajapata tukio hata moja lililothibitishwa la mtoto kuuawa kwa chakula kilichotiwa sumu na mgeni akikigawa ovyo siku ya Halloween. Kesi inayotajwa na kila mtu ni ile ya Texas ya mwaka 1974, ambapo mtoto wa miaka 8 alikufa kwa sayanidi. Aliyemuua ni baba yake mzazi, Ronald O'Bryan, aliyetaka fedha za bima na ambaye aliuawa na serikali mwaka 1984 kwa sindano ya sumu. Sumu yenyewe aliitia katika peremende ya unga iliyotengenezwa kiwandani! Sharti la kamati yetu lisingemwokoa yule mtoto.

Wanaodhani karatasi ya kiwandani ni kinga wakumbuke pia mwaka 2014, bakteria wa listeria walipogundulika katika matufaha ya karameli yaliyofungwa viwandani na kuuzwa madukani. Waliugua watu 35 katika majimbo 12, na baadhi yao wakafa. Watafiti wa Wisconsin walieleza baadaye kwamba kijiti kinapotoboa tufaha, majimaji hupenya chini ya karameli na kuwapa bakteria mahali pa kuzaliana, hasa tufaha likikaa siku nyingi nje ya friji. La jirani yetu lilichovywa mchana na likaliwa usiku uleule.

Nakubali hoja moja, ya watoto wenye mzio wa karanga. Hao walindwe kwa kuandika kilichomo ndani ya kila chakula na kuwawekea bakuli lao la pembeni, kazi isiyomchukua mtu hata dakika kumi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kamati hiyohiyo haina neno juu ya matumizi. Kulingana na makadirio ya shirikisho la wafanyabiashara wa rejareja, Wamarekani walitarajiwa kutumia dola bilioni 12.2 kwa Halloween ya mwaka 2023. Mtaani kwetu kuna mifupa ya plastiki yenye urefu wa futi 12, ya aina iliyouzwa karibu dola 300, imesimama mbele ya nyumba ambazo wenyewe sijawahi kuwasikia sauti. Na huko Sac City, katika jimbo letu hilihili, wamejenga kibanda kando ya barabara kuhifadhi mpira mmoja wa bisi wenye uzito wa zaidi ya kilo 4,000, watalii wanapiga nao picha, ilhali mimi nikimpa mtoto wa jirani mpira wa saizi ya ngumi utatupwa.

Ninachodai ni mambo mawili: milango ifunguliwe kama zamani kwa wanaotaka, taa ya barazani iwe ndiyo ishara, na mzazi anayemfahamu mpishi aachiwe uamuzi wa nini mwanawe ale. Buti la gari halitegewi kitendawili; mtoto ananyoosha mfuko, anatiwa kitu, foleni inasogea.

Kikao cha kamati ni Alhamisi ijayo. Ndugu zangu mlioko Iowa, Wakongo na Warundi mkiwamo, kwa kuwa najua wengi wenu mna watoto katika shule za hapa, kama mmepata tangazo la namna hii wekeni maneno yake kwenye uzi huu na mseme mtaa gani. Nitakwenda nayo yamechapishwa, pamoja na sinia la kashata, na wakitaka kuzitupa wazitupe mbele yangu.