Wauzaji wa pikapu za 660cc, acheni kutudanganya kuhusu milima!

Wadau, nina hasira na sitaificha. Yadi za hapa Nairobi zinabandika "4WD" (yaani injini inaendesha magurudumu yote manne) kwa herufi kubwa kwenye kioo cha pikapu ndogo za 660cc kutoka Japani, kisha zinamwapia mteja kwamba hakuna mlima utakaoishinda. Mimi nilimuuliza muuzaji waziwazi kabla sijatoa hata shilingi: nasambaza chakula cha kuku na ng'ombe kutoka Dagoretti hadi sehemu za juu za Ngong, njia ni za udongo na mwinuko ni mkali, je, itapanda na mzigo? Akanijibu, "Mkubwa, hii ni fo-wili. Hata ukipakia tani inapanda."

Tani! Kwa sheria za Japani, gari la aina hii injini yake haizidi 660cc na mzigo wake hauzidi kilo 350. Gunia la chakula cha kuku ni kilo 70. Piga hesabu: magunia matano, basi. Ukipakia simenti, ni mifuko saba. Muuzaji wa magari halijui hilo? Analijua vizuri. Wajapani huandika uzito huo nyuma ya pikapu zenyewe, 350kg, tarakimu ambazo hata asiyejua neno la Kijapani anazisoma. Kwenye yangu kibandiko kimebanduliwa na alama ya gundi bado ipo.

Halafu kuna huu uongo mkubwa wa 4WD. Jamani, 4WD haiongezi nguvu hata chembe. Inachofanya ni kugawa nguvu iliyopo kwa magurudumu manne ili gari lisiteleze kwenye tope au changarawe. Mlimani nikiwa na magunia, magurudumu yalishika barabara vizuri kabisa. Kilichokufa ni injini. Gia namba moja, mafuta mpaka chini, gari linatetemeka, harufu ya klachi imejaa ndani, na taniboi wangu ameruka na jiwe mkononi kuliweka nyuma ya gurudumu kabla hatujarudi kinyumenyume. Huyo ni mtoto wa watu. Jiwe lingechelewa kidogo je?

Na hapa kwetu hali ni mbaya kuliko kule injini zilikotengenezewa, maana Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ngong ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nyingi ya hizi pikapu zina nguvu za farasi hamsini hivi zikiwa kule chini pwani. Zikifika huku zimebaki arobaini. Nani aliwahi kuambiwa hivyo yadini?

Kinachosaidia mlimani ni gia za chini, ile seti ya pili inayopunguza mwendo na kuzidisha nguvu inayofika kwenye magurudumu. Pikapu nyingine za 660cc zinazo, nyingine hazina, na kwa nje zinafanana kama pacha. Honda Acty ya toleo la Attack, kwa mfano, ina gia maalumu ya kutambaa. Yangu haina chochote, fundi wangu wa Grogan, kule kwenye gereji za mjini Nairobi, ndiye aliyenithibitishia baada ya kuingia chini yake. Yeye pia ndiye aliyenikataza kuendesha na 4WD kwenye lami kavu, wakati yadini niliambiwa niiache imewashwa siku zote "kwa usalama". Ndiyo maana usukani ulikuwa unakaza kila nikizunguka raundabauti na matairi yanalia.

Nanyi mnaosema 660cc ni gari la kuchezea, niende nikatafute Hilux, hamnisaidii. Pikapu yenye upana wa mita 1.48 inaingia vichochoro ambavyo Hilux haiingii, na mafuta yake mfanyabiashara mdogo anayamudu. Ikiwa na gia za chini na kilo zake 350, inapanda polepole na inafika. Gari halina kosa. Kosa ni la anayeliuza akijua mteja anaenda nalo wapi.

Nimerudi yadini. Unajua yule kijana wa tani aliniambia nini? "Punguza mzigo."

Ninachodai ni wanibadilishie na yenye gia za chini. Tofauti ya bei nitaongeza. Wakikataa, nakusanya risiti na ujumbe wake wote wa simu, nafungua kesi ya madai madogo. Sasa nyinyi mnaopanda Ngong, Limuru au Murang'a na pikapu za aina hii, tajeni modeli, gia, na mzigo halisi mnaobeba. Wasiopanda na mzigo naomba wasijibu.