Mama na binti kutoka Tanga kwenda kujifunza mapishi Italia: mkoa gani, halali, viza

Binti_Makorora

Assalaam alaykum wakubwa. Naomba msaada kwa wanaojua. Mimi na mama tunataka kwenda Italia wiki moja mwakani, tukae kwenye shule ya mapishi iliyoko shamba, siyo kozi ya saa tatu ya mjini. Mama anapika kwa biashara hapa Tanga (mikate ya sinia, maandazi, biriani za oda), Kiingereza hajui. Mimi nimeajiriwa. Nguruwe hatuli, nyama isiyochinjwa hatuli, na pombe hata ya kupikia hapana. Tumeona shule moja Emilia-Romagna na nyingine Toscana. Tuchague ipi, tuwaulize nini kabla ya kulipa, na viza ya watu wawili wa familia moja inaombwaje? Mwezi gani unafaa?

Mpishi_Chumbageni

Waalaykum salaam dada. Kwa masharti yenu, Emilia-Romagna iacheni, ingawa kwa pasta ya mayai ndiko kwenyewe. Nguruwe kule hakosekani jikoni. Tortellini za Bologna, vipande vya pasta vyenye kitu ndani, hujazwa nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella, ambazo nazo ni nguruwe. Ragù, mchuzi wao wa nyama, huanza na pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe), kisha humwagiwa mvinyo. Hata piadina, ule mkate mwembamba wa Romagna ambao mama ataupenda kwa kufanana na chapati, kwa asili hukandwa na mafuta ya nguruwe, wao wanayaita strutto. Mtalipa kujifunza, mtaishia kutazama.

Toscana ni nafuu. Kuna pici, pasta nene ya unga na maji inayoviringishwa kwa kiganja mpaka iwe kama kamba, ikaliwa na mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu. Kuna pappa al pomodoro, mkate mkavu uliopikwa na nyanya mpaka ukalainika. Ila mimi ningempeleka mama Puglia, kusini kabisa. Bahari ipo karibu, samaki wengi, mboga za majani nyingi, na pasta yao ya orecchiette ni semolina na maji tu, hakuna yai. Mpishi wa pwani hawezi kujihisi mgeni kwenye jiko lile.

Sasa mitego, maana iko kila mkoa. Jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, Pecorino Romano kwa cha mwanakondoo. Wapo Waislamu wanaozila na wapo wanaoziacha. Amueni nyumbani kabla hamjaenda, msije mkabishana mezani. Mascarpone, jibini laini ya krimu, hugandishwa kwa asidi, hiyo haina swali. Ricotta hutengenezwa kwa maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini nyingine, kwa hiyo mkiiacha ile, na hii iulizieni. Panna cotta, kitindamlo cha krimu, ina gelatini, mara nyingi ya nguruwe. Risotto, wali wao wa mchuzi mzito, huanza kwa glasi ya mvinyo mweupe, na tiramisu nyingi, kitindamlo cha kahawa, hutiwa divai ya Marsala. Cantucci ni biskuti za lozi tu, ila huletwa na divai ya kuchovyea.

Kwa hiyo msiandike "sisi ni Waislamu" mkadhani mmeeleweka. Andikeni hivi: hatuli nguruwe wala mafuta yake, nyama nyingine tunaiacha kabisa, samaki na mayai tunakula, mvinyo usiingie kwenye sufuria hata kama utachemka ukakauka, gelatini hapana. Kisha waombeni orodha ya mapishi ya kila siku pamoja na viungo vyake. Shule ikijibu "tutaangalia mkifika", achaneni nayo. Sokoni huwa wanakwenda mara moja kwa kundi zima, na kama wenzenu wanane wanapika ragù, ninyi mtapewa saladi.

Swali la pili la kuwauliza: kila mwanafunzi anakanda donge lake kwenye ubao wake, au mwalimu anakanda wengine wanapiga picha? Hapo ndipo shule zinapotofautiana kweli. Na mkiona neno agriturismo, jueni Italia lina sheria yake, namba 96 ya mwaka 2006: lazima pawe shamba linalolimwa, na wageni wawe nyongeza ya kilimo. Nyumba ya kupangisha yenye bustani ya maua siyo agriturismo.

Wakala_Raskazone

Nijibu upande wa viza. Mnaomba viza ya Schengen (moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) ya muda mfupi kwenye ubalozi wa Italia Dar es Salaam, hata kama ndege inapita Amsterdam, kwa sababu anayepokea ombi ni nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Hakuna viza ya familia: kila mmoja ana fomu yake, alama zake za vidole na ada yake, euro 90 kwa mtu mzima, hairudi hata mkinyimwa. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15. Jibu la kawaida ni siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika 45. Anayetoka Tanga asisubiri wiki tatu za mwisho, maana karatasi moja ikipungua ni safari nyingine ya Segera na Chalinze.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie euro 30,000, ikigusa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na siku zake zifunike safari nzima. Watu wanakosea hapa: wanakata bima ya siku 7 za kozi, wanasahau siku mbili za njiani.

Kwako wewe mwajiriwa ni barua ya likizo yenye tarehe za kwenda na kurudi kazini, hati za mshahara na taarifa ya benki. Kwa mama ndipo pa kuangalia. Mpishi wa oda hela zake zinapita kwenye simu na mkononi, benki hazionekani. Aanze leo kupitisha mauzo benki, awe na leseni ya biashara na TIN. Kitita kikubwa kilichowekwa wiki moja kabla ya ombi kinatia shaka kuliko salio dogo linaloingia na kutoka kila wiki. Kama wewe ndiye unayemlipia, andika barua ya kumgharimia na uambatanishe cheti chako cha kuzaliwa, maana jina la mama lililomo ndilo linalothibitisha undugu. Linganisha herufi kwa herufi na pasipoti yake. Mwanakombo na Mwana Kombo kwa afisa ni watu wawili.

Bi_Mkubwa_Ngamiani

Mwanangu, mwezi chagua Septemba mwishoni. Juni jua la Toscana linazama karibu saa tatu usiku, isha inaingia usiku sana, na chakula cha jioni kinakukuta katikati ya magharibi. Septemba saa zinakaribiana na zetu. Agosti joto kali, na katikati ya mwezi Waitalia wanafunga maduka kwa mapumziko. Mkitaka kuona zeituni zinavunwa na kukamuliwa, ni Oktoba na Novemba, ila mama abebe sweta nzito. Na kibla kule kinaelekea kusini-mashariki, siyo kaskazini kama Tanga. Mwambie mama mapema.

Binti_Makorora

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Mama amesomewa yote na amechagua Puglia. Anauliza afanye mazoezi gani nyumbani ili asiende mikono mitupu, na je, mkono wa chapati utamsaidia? La pili ni langu: shule inataka hela yote sasa hivi. Halafu zawadi, tubebe nini?

Mpishi_Chumbageni

Mkono wa chapati utamsaidia kwenye kusukuma na utamponza kwenye kukanda. Chapati tunataka donge laini, limelowa, lina mafuta. Donge la pasta ni gumu; ukilibonyeza kwa kidole linarudi polepole. Mama atahisi limekosa maji na atataka kuongeza. Asiongeze. Likiwa laini, pasta inanata ubaoni na ikiingia kwenye maji inakuwa uji.

Aanze na ya mayai, maana unga wa ngano wa kawaida unaifaa. Kipimo chao ni yai 1 kwa gramu 100 za unga, lakini yai lao bila ganda ni gramu 50 na kidogo. Mayai ya kienyeji ya kwetu ni madogo, kwa hiyo apime kwa mizani: gramu 400 za unga, gramu 210 za mayai yaliyopasuliwa. Siku ya mvua unyevu wa Tanga unaingia kwenye unga, aanze na 200. Akande dakika 10 kwa kisigino cha kiganja, afunike kwa bakuli, aache nusu saa. Asipoliacha lipumzike, atasukuma na donge litajikunja kurudi, akilazimisha litachanika katikati. Asukume mpaka aone kivuli cha vidole vyake upande wa pili. Kuchemsha ni lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za pasta. Sufuria ndogo ndiyo inayogandanisha pasta, na mafuta kwenye maji hayasaidii kitu.

Orecchiette zinataka semolina iliyosagwa mara mbili, kule wanaiita semola rimacinata. Semolina ya dukani kwetu ina chenga kubwa, itakwaruza mikono na haitashikana vizuri. Ila afanye mazoezi ya mkono kwa unga wa chapati hivyo hivyo, asile tu kwa kutarajia ladha yenyewe. Gramu 400 za unga, mililita 200 za maji ya uvuguvugu. Aviringishe kamba nene kama kidole, akate vipande vya sentimita 1. Achukue kisu cha mezani kisicho na makali, akilaze juu ya kipande, akivute kuelekea kwake huku akikandamiza. Kipande kinajikunja kwenye kisu kama ganda la kauri. Akivalishe kwenye ncha ya kidole gumba akigeuze nje ndani, upande wenye mikwaruzo ubaki nje. Mikwaruzo ndiyo inayoshika mchuzi. Kisipojikunja, sababu ni moja kati ya mbili: amenyunyizia unga mwingi ubaoni, kipande kinateleza badala ya kuburuzika, au anafanyia juu ya marumaru. Kibao cha chapati cha mbao, kikavu, bila unga, ndicho kinachotakiwa.

Wakala_Raskazone

Hela yote kabla ya viza usitoe. Omba ulipe amana, na waandike kwenye barua ya uthibitisho kwamba inarudi mkileta karatasi ya kunyimwa. Barua hiyo iwe na majina yenu kamili, tarehe, anwani ya shamba na kama malazi yamo, kwa sababu ubalozini ndiyo uthibitisho wenu wa mahali pa kulala. Waulize pia nani anawapokea kituo cha treni. Mashamba mengi hayana basi la kufika, hasa Jumapili. Kukodi gari siwashauri: wanaendesha kulia, na katikati ya miji ya zamani kuna maeneo ya ZTL, yasiyoruhusu gari lisilo na kibali, yenye kamera, faini inakufuata mpaka nyumbani. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mtalipishwa.

Zawadi: nyama na vitu vya maziwa kutoka Tanzania haviingii Ulaya kabisa, kwa hiyo samli ya mama ibaki. Embe mbichi zinataka cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, nanasi na tende hazitaki cheti hicho. Iliki, mdalasini na pilipili manga za Muheza, kavu na zimefungwa vizuri, ndizo zawadi ambayo mpishi wa kule ataitumia siku hiyo hiyo. Kurudi, mafuta ya zeituni yawe ya kopo la bati, siyo chupa, na yaingie kwenye begi la chini. Mkononi kinachozidi mililita 100 kinachukuliwa kwenye viwanja vingi.