UZI WA MALALAMIKO: Wauzaji wa katriji za FM za MSX, andikeni mmetia chipu gani!

Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira na sitaki kutulizwa.

Matangazo ya katriji za sauti za MSX (kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980) yamekuwa ya kihuni. "Katriji ya FM, inapiga game zote, sauti safi." Basi. Picha moja ya kasha jeusi, bei, na pa kutuma hela. Ukiuliza ndani mna chipu gani unajibiwa "ni original bosi". Ukiuliza kama ina ROM (chipu ya kumbukumbu yenye programu ya katriji), muuzaji anakuuliza ROM ya nini. Halafu mnunuzi akilalamika kwamba mchezo unatoa vimilio vilevile vya zamani, anaambiwa kompyuta yake imezeeka. Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia, na wanaoumia ni wageni wa mambo haya.

Kwa hao wageni: kila MSX, tangu ya kwanza ya 1983, ina PSG, yaani AY-3-8910 au ndugu yake YM2149. Chaneli tatu za mawimbi ya mraba na kelele, mwisho. Muziki mzito uliokuja baadaye ulihitaji kifaa cha nyongeza, na hapo ndipo wajanja wanapojificha nyuma ya neno "FM" (si redio, ni njia ya kuunda sauti kwa wimbi moja kuyumbisha jingine).

FM ipi? Mfumo wa MSX-MUSIC hutumia chipu ya Yamaha YM2413 na huongozwa kwa milango 7Ch na 7Dh (namba za kupelekea amri; h ni alama ya heksa). Ndiyo iliyomo kwenye katriji ya FM-PAC ya Panasonic, na ndiyo inayotakiwa na michezo mingi ya Kijapani ya MSX2 kama Aleste, Xak au Psycho World. MSX-AUDIO hutumia Y8950, milango C0h na C1h. Music Module ya Philips imo kundi hili. Katriji ya Moonsound ya 1995 ni OPL4, chipu nyingine ya Yamaha, C4h hadi C7h. Zote tatu ni FM. Mchezo ulioandikiwa YM2413 tu hauna habari na hizo nyingine mbili. Unalipa hela nyingi kwa Moonsound, unapachika, unawasha Xak, unasikia PSG. Katriji ni nzima kabisa! Tangazo ndilo bovu.

Na wale mnaoandika "FM" kwenye katriji ya SCC, nyinyi mna adhabu yenu. SCC, chipu ya sauti ya Konami (kampuni ya michezo), haina FM hata chembe. Ni chaneli tano, kila wimbi lina baiti 32, chaneli ya nne na ya tano zinagawana wimbi moja. Chipu hiyo ilikaa ndani ya katriji ya mchezo wenyewe (Nemesis 2, Salamander, Space Manbow, Metal Gear 2), kwa hiyo mchezo hauitafuti kokote. Mchezo unaandika 3Fh kwenye anwani 9000h na kuanza kumimina data kuanzia 9800h, ukiamini chipu ipo palepale ulipo. Ukiupakia mchezo huo kwenye katriji ya flashi isiyo na SCC, utasikia sehemu ya PSG tu, wimbo umekatwa nusu, na hakuna onyo lolote kwenye skrini. Kununua FM-PAC hakutarudisha hiyo nusu. Kuna mtu kila mwezi anashauriwa hivyo.

Sasa tuje kwenye uhuni mkubwa zaidi, chipu zenyewe.

YM2413 ina ala 15 zilizochomwa ndani yake kiwandani: namba 1 fidla, 3 piano, 7 tarumbeta, 8 ogani, na kadhalika. Ala namba 0 peke yake ndiyo mtunzi anaiunda mwenyewe, kupitia rejista (vyumba vya mipangilio ndani ya chipu) 00h hadi 07h. Wimbo wa mchezo haubebi sauti ya tarumbeta, unabeba namba 7 tu. Yamaha walitoa pia YM2423 na YMF281, zinazopokea amri zilezile lakini ala zake 15 si zile. Mtu akikutilia mojawapo na kuiita YM2413, nota zitakuwa sahihi, mwendo sahihi, ila tarumbeta haitakuwa tarumbeta. Dalili yake ni hii: sehemu zinazotumia ala 0 zinasikika kama inavyotakiwa, zilizobaki zimepotoka. Ukisikia hivyo usiguse rezista wala kapasita. Fungua kasha usome chipu.

Na ukisoma, usiamini maandishi upesi. Chipu zinasagwa mgongo na kuchapwa upya. Pamba yenye asetoni kidogo juu ya chipu. Wino mpya unatoka, na chini yake unaona mikwaruzo ya msasa. Toa bodi nje ya kasha kwanza, asetoni inayeyusha plastiki. Kuna pia UM3567, nakala ya YM2413. Kuuza katriji yenye UM3567 si kosa hata kidogo. Kosa ni kuisaga na kuiandika Yamaha.

La ROM. Michezo mingi hupitia sloti (matundu ya katriji) moja baada ya nyingine ikitafuta herufi OPLL kwenye anwani 401Ch. Zikikosekana, mchezo unaamua hakuna FM na unarudi kwenye PSG bila kukuambia. Herufi hizo zimo ndani ya ROM. Katriji yenye chipu bila ROM itapiga nyimbo kwenye programu zinazokwenda moja kwa moja kwenye 7Ch, na muuzaji atakutumia video ya hiyo programu kama ushahidi, huku akijua michezo itakaa kimya. Huo ni utapeli wa wazi.

Kipimo chake hakihitaji hata disketi. Washa kompyuta, ingia BASIC (lugha ya programu iliyomo ndani ya MSX), andika:

CALL MUSIC

Ukijibiwa Syntax error, ROM haipo au sloti haisomi. Zima umeme, safisha pini 50 za katriji kwa alkoholi ya isopropili, rudisha, jaribu tena. Ikikataa kwenye sloti zote mbili, rudisha mzigo kwa mwenyewe. Ikikubali, endelea:

PLAY #2,"CDEFG"

Ukitaka kuisikia chipu yenyewe bila ROM kuingilia, piga nota ya LA ya Hz 440 kwa ogani:

OUT &H7C,&H30:OUT &H7D,&H80
OUT &H7C,&H10:OUT &H7D,&H22
OUT &H7C,&H20:OUT &H7D,&H19

Kunyamazisha: OUT &H7C,&H20:OUT &H7D,&H9. Angalizo: FM-PAC na katriji zilizoiga muundo wake zina swichi ya ndani, biti 0 ya anwani 7FF6h, inayofungua milango 7Ch na 7Dh. Kama hukutanguliza CALL MUSIC, OUT hizi zinaweza kuwa kimya na katriji ikawa nzima. Msimtukane muuzaji kwa hilo. Mtukaneni kwa mengine.

Ngoma! YM2413 ina njia mbili za kutolea sauti, moja ya melodi na moja ya ngoma. Kuna bodi za bei rahisi ambazo njia ya ngoma haikuungwa kabisa, au imeungwa kwa rezista kubwa mno hadi ngoma zinasikika kama mvua ya mbali. Muuzaji anapima kwa PLAY, anasikia nota, anafunga mzigo. Pimeni hivi:

10 CALL MUSIC
20 FOR I=1 TO 11:READ R,D:OUT 124,R:OUT 125,D:NEXT
30 DATA 22,32,23,80,24,192,38,5,39,5,40,1
40 DATA 54,0,55,0,56,0,14,32,14,63

Ukitoa RUN, ngoma zote tano zinagonga pamoja mara moja. Usiposikia kitu na ile LA ilisikika, fuata waya wa ngoma kutoka kwenye chipu.

Nyinyi wanunuzi nanyi mna yenu. "FM yangu inapiga polepole" haihusiani na katriji. Michezo mingi ya Kijapani huendesha muziki kwa mapigo ya skrini, 60 kwa sekunde. Mashine za Ulaya na za nchi za Kiarabu ni 50, kwa hiyo wimbo unachelewa kwa karibu asilimia 17, ingawa nota hazishuki kwa sababu hizo hutokana na saa ya chipu. Walio Maskati au Kuwait na zile MSX za Sakhr zilizotengenezwa na Yamaha, hili linawagusa. AX-350 ni MSX2, unaweza kuandika VDP(10)=0 kwenye BASIC kabla ya kupakia mchezo unaoanzia BASIC, na televisheni ikikubali 60 umepona. AX-170 ni MSX1, kwake amri hiyo haina kazi.

Wapakiaji wa faili za VGM (rekodi za amri zinazopelekwa kwenye chipu za sauti) mliorekodi kwenye emuleta (programu inayoiga kompyuta) iliyosetiwa 50, hayo ndiyo makosa yenu pia. Fungueni faili kwa kihariri cha heksa. Wimbo wa mapigo 60 hujaa amri 62, ambayo ni kusubiri sampuli 735. Ukiona 63 kila mahali, hiyo ni sampuli 882, mapigo 50. Rekodini upya kabla ya kuisambaza kama "halisi".

Na waliopandisha Z80 (kichakata cha MSX) hadi MHz 7: YM2413 inataka mizunguko 12 ya saa yake baada ya kupokea namba ya rejista, na 84 baada ya data, yaani takriban mikrosekunde 23.5. Programu zilipimwa kwa MHz 3.58. Ukiongeza kasi maradufu, amri zinafika chipu ikiwa bado na kazi, na nota zinapotea ovyo. Zima turbo. Kama SCC nayo imepanda oktavu nzima, basi fundi aliongeza hadi saa ya pini 42 ya sloti, na hapo dawa ni kurudi kwake.

Ninachotaka kwenye kila tangazo: jina kamili la chipu na picha yake ya karibu, ROM ipo au haipo, swichi ya 7FF6h ipo au haipo, SRAM ya kuhifadhi mchezo ipo au haipo na betri ni ya kubadilishwa au imelehemiwa. Mistari minne. Asiyeweza kuiandika hajui anachouza.

Jibu la 1

Mkuu umesahau vipanuzi vya sloti (vifaa vya kuongeza matundu ya katriji). Sauti ya katriji huingia kwenye kompyuta kwa pini 49, na volti 12 chanya na hasi ziko pini 48 na 50. Vipanuzi vingi vya bei nafuu vinapitisha volti 5 tu. Katriji ambayo kikuza sauti chake kinategemea 12 itapita CALL MUSIC vizuri na isitoe mlio hata mmoja. Ipachike kwenye sloti ya kompyuta yenyewe kabla ya kuilaumu. Pia kuna michezo isiyotafuta ndani ya sloti ndogo za kipanuzi, hiyo itarudi PSG hata kama umeme umekamilika.

Jibu la 2

Mimi nauza, na mnatuonea. YM2413 haitengenezwi tena, tunaokota tunachopata. ROM ya FM-PAC ni mali ya Panasonic, mnataka niichome na kuiuza? Kesho mtaniita mwizi. Wateja wenyewe mkiwaandikia namba za chipu wanakimbia.

Mwenye uzi

Ndugu muuzaji, hoja ya ROM naikubali yote. Basi andika "haina ROM" kwa herufi kubwa juu ya bei, na kwenye bodi acha soketi ya pini 28. ROM ya FM-PAC ni kilobaiti 64, inatosha kwenye chipu moja ya kuchomwa ya 27C512. Mwenye FM-PAC yake halali atajichomea mwenyewe. Ila bodi zako za sasa hazina soketi wala nyaya za kubadilisha kurasa za ROM kwa anwani 7FF7h, kwa hiyo mnunuzi hata akiwa na ROM hana pa kuiweka. Hilo nalo liandike.