Sindano za goti kwa Bi Mkubwa: steroidi, jeli au damu yake mwenyewe?

Mwana_wa_Korogwe
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu ana miaka 64, kilo 91, na sukari anayo, anameza metformini. Goti la kulia limesagika. Eksirei aliyopigwa akiwa amesimama inaonyesha upande wa ndani mifupa imebakiza nafasi ya uzi tu. Ngazi anashuka kinyumenyume, na tangu Ramadhani anaswali kwenye kiti. Panadol anameza na jeli ya diklofenaki anapaka lakini usiku bado analia.

Dokta wa mifupa katupa majina matatu ya sindano: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), asidi ya hayaluroniki (wengi wanaiita sindano ya jeli au ya grisi), na PRP, ile ya kumtoa damu yake, inazungushwa kwenye mashine, kisha anachomwa majimaji yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu. Ya kwanza ndiyo rahisi kwa mbali, ya tatu inakaba koo. Waliopitia nisaidieni, ipi ina maana kwa mtu kama yeye?

Fundi_Cherehani
Pole kwa mama, kijana wangu. Mimi nakanyaga cherehani tangu 1988, magoti yote mawili hayafai. Steroidi nimechomwa mara tatu kwenye goti moja. Ya kwanza ilikuwa asali, karibu miezi mitatu nilisahau kama nina goti. Ya pili wiki sita. Ya tatu hata wiki mbili hazikufika, na dokta mwenyewe akasema tuache. Kosa langu ni kwamba kila nikipata nafuu nilikuwa nabeba kazi maradufu badala ya kufanya mazoezi niliyoandikiwa.

Nesi_Mstaafu
Nimekaa na wagonjwa wa mifupa miaka mingi, ngoja nieleze kinachofanyika maana watu wanaogopa bure.

Mama atalala chali, goti limekunjwa kidogo juu ya mto. Wanasafisha ngozi vizuri, sindano inapita kando ya pia ya goti. Kama goti limejaa maji wanayavuta kwanza. Yakiwa ya manjano, angavu, yanavutika kama ute wa yai, hakuna shaka. Yakitoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, hachomwi kitu siku hiyo: yanakwenda maabara kuangaliwa kama kuna vijidudu. Halafu ndiyo inaingia dawa, mara nyingi steroidi iitwayo triamsinoloni, miligramu 40, pengine ikichanganywa na ganzi. Dakika chache, kwisha.

Kwa mwenye kisukari hapo ndipo pa kukaa macho. Steroidi hata ikichomwa kwenye goti inavuja kwenye damu, sukari inapanda kwa siku kadhaa, wengine wiki nzima. Sukari yake ikiwa imevurugika tayari, itulizwe kwanza. Awe na kipimo nyumbani, apime asubuhi na jioni.

Siku ya kwanza na ya pili goti linaweza kuuma zaidi ya mwanzo, hiyo ni kawaida, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Lakini likivimba, likawa la moto, akapata homa na kushindwa kulikanyagia, ni hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ni nadra sana ila hayasubiri.

Bint_Nyali
Mie nilichomwa ya jeli, sindano tatu, moja kila wiki. Miezi mitano nilitembea sokoni bila kusimamasimama. Steroidi sikuitaka kabisa, nasikia inakula gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa.

Mlevi_wa_Takwimu
Dada, kuhusu gegedu hujakosea, ila lina maelezo yake. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Marekani: watu 140, nusu wanachomwa triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Wa steroidi gegedu lilipungua milimita 0.21, wenzao 0.10. Na mwisho wa safari maumivu hayakupishana. Kwa hiyo hoja ni kuchomwa mfululizo kwa miaka. Hakuna mahali utafiti ule uliposema sindano moja inaua goti.

Jeli nayo ina kesi ngumu zaidi. Jarida la BMJ mwaka 2022 walikusanya majaribio. Yale makubwa 24, yenye watu karibu 9,000, yaliyolinganisha jeli na sindano ya uongo, yalionyesha tofauti ya milimita 2 kwenye mstari wa maumivu wa milimita 100. Milimita 2! Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoelekeza matibabu, wa mwaka huohuo unasema msiitoe kabisa kwa ugonjwa huu. Steroidi wameiacha iwepo kwa nafuu ya muda mfupi, dawa nyingine zikishindwa.

Bint_Nyali
Sawa mwanangu, lakini goti ni langu si la jarida. Nilitembea.

Mlevi_wa_Takwimu
Sikatai kwamba ulitembea. Ila hata waliochomwa maji ya chumvi walipata nafuu, na nafuu yao ilikuwa ya kweli kwao. Suala ni je, mwenzetu alipie bei ile kwa tofauti ile?

Kando kidogo: baadhi ya jeli hizi hutengenezwa kutokana na kilemba chekundu cha jogoo. Mama kama ana mzio wa mayai au kuku amwambie dokta.

Baba_Wawili
Mimi ni muhanga wa PRP. Mke wangu alivunja kibubu, mimi nikakopa juu yake. Mara tatu, wiki kwa wiki. Kliniki siitaji. Walinionyesha kile kichupa, damu imejigawa, juu kimiminika cha rangi ya dhahabu, nikajiona mtu wa maana. Mwaka sasa, goti ni lilelile na deni bado.

Mlevi_wa_Takwimu
Pole mkuu. Waaustralia walifanya jaribio hasa hilo, lilitoka JAMA 2021: watu 288, sindano tatu za kila wiki, PRP dhidi ya maji ya chumvi. Baada ya miezi 12, si maumivu wala gegedu lililoonyesha tofauti ya maana. Haki itendeke: wanaoitetea wanasema utayarishaji hutofautiana mashine na mashine, na ni kweli. Lakini mgonjwa utajuaje kama umepewa iliyo nzuri?

Mkunja_Goti
Mimi ni mtu wa mazoezi tiba, nisamehewe kuvutia kwangu. Mwaka 2020 kuna utafiti wa wagonjwa 156 kwenye hospitali za jeshi la Marekani: sindano ya steroidi upande mmoja, mazoezi tiba upande wa pili. Mwaka ulipoisha wa mazoezi walikuwa na maumivu machache na wanajimudu zaidi.

Lakini mama anayelia usiku humwambii ainue mguu. Ndiyo maana mimi sindano ya steroidi naiona kama dirisha: inafunguka wiki chache, ndani ya hizo ndiyo unajenga misuli ya mbele ya paja. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu, ahesabu mpaka tano, ashushe polepole. Kisha kunyanyuka kitini bila kushika, mara kumi. Asubuhi na jioni. Uzito nao: kila kilo anayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Na bakora ashike mkono wa KUSHOTO, maana goti bovu ni la kulia. Wengi wanakosea hapo.

Nesi_Mstaafu
Nyongeza: kama mna mpango wa kubadilisha goti hivi karibuni, mwambieni dokta kabla ya kuchoma. Steroidi ikiwa ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, hatari ya maambukizi inaongezeka.

Mwana_wa_Korogwe
Mrejesho wakuu, wiki ya tatu leo. Tulichagua steroidi, moja tu, na dokta akakubali hatutarudia kwa mazoea. Asubuhi ya kuchomwa sukari ilikuwa 7.6. Siku ya pili jioni ikafika 14.9, nikatetemeka, nikampigia dokta, akasema tupunguze wali na tuendelee kupima. Siku ya saba ikarudi 8. Analala usiku. Juzi kashuka ngazi akitazama mbele.

Mazoezi ya kiti anayafanya wakati wa taarifa ya habari. Shida ilikuwa bakora, alikataa katakata, eti fimbo ni ya wagonjwa. Jana kaitoa mwenyewe ya marehemu babu nyuma ya kabati, anasema hii ni ya heshima. Ilikuwa ndefu, nimeikata sentimita 4 na kuivisha mpira chini. Anashika kushoto.