Tamthilia: onyesho linahesabiwaje, na uzungumzi nafsi ni upi?

Mwanafunzi wa Kadutu (Bukavu)
Jambo wandugu. Tunajiandaa kwa mtihani wa fasihi na mambo matatu yanatuchanganya. Kwa Molière, mwandishi Mfaransa wa karne ya 17, akti moja (sehemu kubwa ya tamthilia) ina maonyesho saba au nane na watu hawajatoka hata sebuleni. Katika tamthilia za Tanzania onyesho moja linakwenda kurasa nyingi. Linahesabiwaje? Halafu, mhusika akisema maneno marefu, ni monoloji au uzungumzi nafsi? Na kinaya cha kidrama tukieleze vipi bila kubabaisha?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Ni desturi mbili tofauti. Kwa Wafaransa wa karne ya 17, onyesho hubadilika mtu akiingia au akitoka, hata kama mahali na saa ni vilevile. Ndiyo maana juu ya kila onyesho huandikwa majina ya waliomo. Waandishi wengi wa Kiswahili hufuata desturi ya Kiingereza: onyesho hubadilika mahali au wakati ukibadilika. Kabla ya kujibu swali, angalia kwanza uko kwenye desturi gani.

Chora jedwali kwa penseli: maonyesho juu, wahusika pembeni, na alama kila mhusika anapokuwepo. Kazi ya nusu saa, lakini inalipa. Ndani ya akti moja, Wafaransa wale walitaka angalau mtu mmoja abaki kuunganisha onyesho na linalofuata. Jedwali linaonyesha pia nani anacheleweshwa. Katika Tartuffe, tamthilia ya Molière, mwenye jina hilo anaingia kwenye akti ya 3, onyesho la 2. Akti mbili nzima watu wanamsema tu, na mtazamaji ameshagawanyika kabla ya kumwona. Hilo liandikeni kwenye kopi ya mtihani. Lina uzito kuliko kukariri maana ya neno "msuko" (mpangilio wa matukio).

Himbi_Teatri (Goma)
Juu ya monoloji: urefu hauamui kitu. Uliza nani yuko jukwaani na nani anasikia.

Monoloji ni usemi mrefu wa mtu mmoja, wengine wawepo au wasiwepo. Uzungumzi nafsi ni pale mhusika yuko peke yake, au anadhani yuko peke yake, na mawazo yake yanafika kwa watazamaji tu. Maneno ya kando, yaani aparte, husemwa wengine wakiwepo, ila tunakubaliana kwamba hawasikii. Kwa kawaida ni mafupi.

Chukua Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Nyerere aliitafsiri mwaka 1963. Katika akti ya 3, wauaji wa Caesar wakishaondoka, rafiki yake Antony anabaki na maiti na kufungua moyo: huo ni uzungumzi nafsi. Onyesho linalofuata anahutubia Warumi kwa muda mrefu zaidi, lakini umati unasikia na kumjibu, kwa hiyo ni hotuba. Wanafunzi wengi hupoteza pointi hapo kwa sababu hawakusoma mstari wa juu unaosema nani ametoka.

Jukwaa_Kenya (Lubumbashi)
Kinaya cha kidrama kina vipande vitatu, na jibu likikosa kimoja halijakamilika: watazamaji wanajua nini, mhusika hajui nini, na anasema au anafanya nini kwa sababu hajui. Mfano, katika Tartuffe, Orgon, mwenye nyumba, amejificha chini ya meza na Tartuffe anamtongoza mke wake. Sisi tunajua mume anasikia, Tartuffe hajui, ndiyo maana anajifunua mwenyewe, hata anamdharau Orgon kwa maneno. Taja pia tulijulishwa lini: Orgon anaingia chini ya meza onyesho moja kabla. Kama na mtazamaji hakujua, hicho si kinaya, ni mshtuko.

Mwanafunzi wa Kadutu
Asanteni sana. Na kulia na kushoto kwenye maelekezo ya jukwaani? Darasa letu litaigiza kipande.

Jukwaa_Kenya (Lubumbashi)
Maandishi ya desturi ya Kiingereza huhesabu kulia kwa mwigizaji aliyewaelekea watazamaji. Wafaransa husema upande wa bustani na upande wa ua: bustani ni kushoto kwa anayetazama, ua ni kulia kwake. Kwa hiyo kulia kwa mwigizaji ndiko bustani. Andikeni B na U kwa chaki sakafuni kabla ya mazoezi ya kwanza, na kwenye kila kopi ya mwigizaji wekeni B au U pembeni ya kila kuingia na kutoka. Bila hivyo wawili watagongana mlangoni.